Gari la Kuunga na Daftari Lake

Watu wetu wa pwani wakitaka kununua jahazi huuliza kwanza nani aliyeliunda. Fundi wa jahazi hana ramani ya karatasi. Vipimo vimo kichwani mwake, na aliyemfunza ni baba yake au mjomba wake. Hata hivyo mnunuzi hapati taabu kubwa, maana chombo hakifichi viungo vyake. Ataingia ngamani, atagonga mbao kwa nyundo, atapapasa kalafati, atahesabu mataruma, na akitoka humo ajua anunua nini. Gari halina ukarimu huo. Limevikwa bati na rangi, na ndani ya bati mna meno ya chuma yasagayo ndani ya mafuta, ambayo hakuna jicho liyaonalo mpaka siku yatakapovunjika.

Leo nataka kuzungumza na wasomaji juu ya gari la kuunga. Simaanishi gari kuukuu tu, kwani gari kuukuu laweza kuwa na umri wa miaka arubaini na bado likawa vile vile lilivyotoka kiwandani. Gari la kuunga ni lile ambalo mtu amelikusanya kwa mikono yake: chasisi ya hili, giaboksi ya lile, bodi ya la tatu lililopinduka. Magari ya namna hiyo ni mengi katika nchi yetu, hasa Land Rover za zamani, na wala si aibu kuwa nalo. Mengine yana nguvu kuliko yalivyokuwa mapya. Swali ni moja tu: nani ajuaye kilichomo ndani yake?

Watu wa Kibaha si wageni wa kazi ya kuunganisha magari. Katika miaka ya 1980 hapo TAMCO malori ya Scania yaliletwa vipande vipande kutoka Sweden yakaunganishwa, na miaka hiyo hiyo kituo cha jeshi cha Nyumbu kiliunda gari lililochukua jina hilo hilo la Nyumbu. Lakini lori la kiwandani laungwa kwa kufuata karatasi, kila hatua na kipande chake, na namba iliyogongwa kwenye chasisi ndiyo ufunguo wa kuyajua yote hayo baadaye. Gari liliungwa chini ya mwembe halina kiwanda cha kuuliza. Kiwanda chake ni mtu mmoja, na mtu huhama, huzeeka, husahau, na hufa.

Huko Uingereza wako watu ambao kuunga gari kwao ni mapenzi. Kampuni ya Lotus ilianza mwaka 1957 kuuza gari dogo liitwalo Seven, ambalo mnunuzi aliweza kulichukua likiwa vipande akaliunga mwenyewe nyumbani, na sababu moja ya kupendwa kwake ni kwamba kwa njia hiyo aliepuka kodi iliyotozwa juu ya gari zima. Nafuu hiyo ilikwisha mwaka 1973 kodi ilipobadilishwa, lakini mapenzi hayakwisha. Tangu 1998 serikali yao huyakagua magari hayo moja moja kabla hayajaruhusiwa barabarani. Mpwa wangu aliyeko huko aliniambia kwamba mnunuzi mwangalifu huomba jalada kabla ya kuomba ufunguo: picha za kazi tangu siku ya kwanza, risiti za vipuri, na maandishi ya mwungaji mwenyewe. Nilipomsikia nilicheka, nikadhani ni mambo ya watu wenye nafasi. Kisha likatufika letu.

Mwaka 2017 mume wa dada yangu alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mjane na watoto wanne huko Masaki, wilaya ya Kisarawe, na mkubwa wao, mvulana, alikuwa na miaka kumi na mitano. Wazazi wa marehemu walikwisha tangulia. Basi mirathi ikawa kama ijulikanavyo: dada yangu alipata thumni yake, na iliyobaki ikawa ya watoto. Marehemu alikuwa ameniusia mimi na mdogo wake, yaani ami yao, tuisimamie mali hiyo kwa pamoja mpaka watakapokua. Kulikuwa na shamba la mihogo na michungwa, na kulikuwa na fedha taslimu ambazo zikilala zingeliwa kidogo kidogo na unga, sare za shule na safari za hospitali. Dada akasema: tununue gari la kubebea mazao, letu na ya majirani, lituzalie.

Shauri lilikuwa jema. Njia ya kutoka Kisarawe mjini kwenda Masaki na Maneromango wakati huo ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, na masika yakiingia udongo ule huwa kama sabuni. Pikapu ndogo za Kijapani zilikuwa zikikwama na kuvutwa kwa kamba. Tukakubaliana iwe Land Rover ya 109, yenye sanduku la nyuma, ambayo mafundi wa kwetu waijua na vipuri vyake vyapatikana. Fedha yenyewe ilikuwa kama milioni kumi na moja, na zaidi ya robo tatu yake ilikuwa ya yatima. Nalitaja hili mapema ili msomaji afahamu kwa nini nilikuwa mgumu katika mambo yanayofuata. Mtu akinunua kwa fedha yake aweza kubahatisha, na akipata hasara atalala njaa yeye. Fedha ya mtoto asiyejua hata bei ya sabuni haibahatishwi.

Gari la kwanza tuliliona Kibaha, upande wa Maili Moja. Ami yao ndiye aliyelipata kwa dalali. Lilikuwa la kijani, limepigwa rangi vizuri, tairi mpya nne, viti vimeshonwa upya, na injini si ile yake ya zamani bali ya Defender, ya dizeli yenye taabo. Tuliliendesha barabara ya Morogoro mpaka Mlandizi na kurudi. Liliteleza kama maji. Bei ilikuwa milioni tisa. Ami alinitazama kama mtu aliyekwisha kununua.

Nikamwomba mwenye gari karatasi zake. Alinipa kadi ya gari. Kadi, kama wasomaji wajuavyo, ina namba ya chasisi na namba ya injini. Namba ya chasisi tuliikuta mahali pake, juu ya pembe ya mbele ya kulia panaposhikwa springi, ikawa sawa na ya kadi. Namba ya injini haikuwa sawa, kwa kuwa injini ilibadilishwa na aliyebadilisha hakwenda TRA kuandikisha. Hilo peke yake lingeweza kurekebishwa. Nikauliza: injini hii ilitoka gari gani? Hajui. Nani aliyeifunga? Hajui. Na ekseli ya nyuma, mbona ina mishono ya kuchomelea penye vikalio vya springi? Akainama akatazama kama mtu aionaye mara ya kwanza. Yeye mwenyewe alilinunua miaka miwili nyuma kutoka kwa mtu aliyehama, na mtu huyo naye alilinunua kwa mwingine.

Tulikuwa na fundi wetu, mtu wa maneno machache. Akaomba jeki na kipande cha chaki. Napenda kueleza alichofanya, kwani ni kitu ambacho mtu yeyote aweza kukifanya na hakigharimu hata senti. Alizuia magurudumu kwa mawe, akaweka gia katikati, akaachia breki ya mkono (katika Land Rover hizi breki ya mkono hushika propela, haishiki magurudumu), akanyanyua gurudumu moja la nyuma likaning'inia huku la pili liko chini. Akatia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Kisha akalizungusha gurudumu mara mbili kamili na mimi nikahesabu propela. Ilizunguka mara tatu na nusu na kidogo. Akahamia mbele akafanya vile vile. Propela ya mbele ilizunguka karibu mara nne na robo tatu.

Maana yake ni hii. Difu ya Land Rover ya asili ni kwamba propela izunguke mara 4.7 ndipo magurudumu yazunguke mara moja. Difu ya Defender ni mara 3.54. Aliyeiunga gari ile alitaka mwendo katika lami, na hakukosea hesabu yake, kwani injini ikizunguka kwa kasi ile ile, palipokuwa na kilomita 60 kwa saa mtu apata karibu 80. Kwa hiyo akatia ekseli ya nyuma ya Defender, na ya mbele akaiacha. Katika lami, gari likisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, hakuna atakayejua. Propela ya mbele yajizungukia bure. Lakini siku ya tope, kwenye mlima wa kuingia Masaki, kijana atabonyeza kile kifundo cha njano ili magurudumu manne yote yavute. Hapo propela mbili zitafungwa pamoja, ziende sawa, huku moja yataka gurudumu liende upesi na nyingine yataka liende taratibu. Tope likiwa jepesi magurudumu yatateleza na kusamehe. Yakishika mwamba au mzizi, kitu kitavunjika: shafti, au meno ya giaboksi. Na hapo gari limebeba magunia ya watu na abiria juu yake, liko mlimani.

Tulipomweleza mwenye gari aliapa kwamba hakujua, na mimi namsadiki. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini, gari lake halikuona tope. Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya kiapo chake. Tumezoea kuwagawa wauzaji katika mafungu mawili, mkweli na mwongo, na nasaha zetu zote juu ya biashara zawahusu waongo. Huyu alikuwa mkweli, na bado karibu atuuzie kifo. Mtu hawezi kubainisha asichokijua. Yule wa kwanza aliyeunga alijua, lakini ujuzi wake ulibaki kichwani mwake. Akauza gari, ujuzi hakuuza. Wa pili alipokea chuma bila habari yake, akampa wa tatu chuma bila habari yake. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyesema uongo.

Mafundisho ya dini yetu juu ya jambo hili si ya kubahatisha. Mwenye kujua ila ya kitu anachouza ni wajibu aieleze, na mnunuzi akiikuta ila iliyofichikana, ambayo ilikuwapo kabla ya kuuziana, ana hiyari ya kurudisha. Mtume wetu (s.a.w.) aliifungamanisha baraka ya biashara na ukweli na kubainisha, mambo mawili, wala hakuridhika na la kwanza peke yake. Na katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, likiwa dogo au kubwa. Wako wenzetu wapendao kutukumbusha kwamba aya hiyo hiyo imeondoa uzito wa kuandika katika biashara ya mkono kwa mkono. Ni kweli. Lakini wasome mbele kidogo waone kwamba mashahidi wametajwa papo hapo. Na wasome nyuma kidogo waone yule asiyeweza kuandikisha mwenyewe, kwamba walii wake ndiye aandikishe kwa uadilifu. Yatima ni nani kama si huyo? Na katika Suratun Nisaa msimamizi ameamrishwa kuweka mashahidi siku anapowakabidhi yatima mali yao. Siku hiyo mimi na ami yao tutaulizwa: fedha yetu mliigeuza nini? Jibu lisiwe kwamba gari lilikuwa la kijani na lilipendeza.

Gari la pili lilikuwa Kisarawe, mtaa wa juu juu. Mwenyewe ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi maisha yake yote, na macho yalikuwa yakimwacha ndipo akataka kuuza. Gari lilikuwa baya kulitazama. Mlango wa kushoto wa rangi moja, wa kulia wa nyingine, na sanduku la nyuma limefunikwa viraka. Ami hakushuka hata kwenye bodaboda. Mzee akatuambia tukae, akamwita mjukuu wake alete vitabu. Vikaletwa vitatu, kaunta buku za kawaida zilizochakaa pembe, na bahasha ya risiti.

Alianza kuunga gari lile mwaka 2003 na lilitembea mwaka 2008. Chasisi na injini ni za gari moja la mwaka 1978, tena injini ni ile ile ya dizeli ya lita 2.25 iliyomo katika kadi. Giaboksi, ekseli ya mbele na bodi ni za gari jingine lililopinduka. Kila kitu kimeandikwa kwa mwandiko wa fundi, herufi kubwa kubwa: tarehe, kilichofanywa, kilichonunuliwa, bei, na jina la aliyechomelea. Difu ya mbele na ya nyuma, propela imehesabiwa, zote 4.7. Silinda zimechongwa, pistoni za kuzidi inchi 0.020. Kirenki kimesagwa, bearingi za kupungua inchi 0.020. Waya mkuu wa taa umepitishwa chini ya kiti cha dereva, si mahali pake pa zamani, na fyuzi ya pili iko nyuma ya dashibodi. Pana hata mchoro wake kwa kalamu ya risasi.

Lakini yaliyonituliza moyo hayakuwa hayo. Kulikuwa na mahali alipoandika kwamba bomba la breki la nyuma ameliunga kwa muda kwa sababu hakupata jipya, na kwamba libadilishwe. Baada ya kurasa nne: limebadilishwa. Mahali pengine aliandika kwamba springi ya nyuma ya kulia ni ya gari jingine, gari limeinama kidogo upande huo, na hajapata ya kulinganisha. Hiyo haikuwa na ukurasa wa kurekebishwa. Tukaenda kutazama, na kweli gari limeinama kulia. Mtu anayejiandikia kasoro zake miaka tisa kabla hajafikiria kuuza hakuandika kwa ajili ya kumvutia mnunuzi.

Nawatahadharisha wasomaji hapa, kwa kuwa nimekwisha kusikia watu wakisema: basi mwenye daftari ndiye mwaminifu. Hapana. Daftari laweza kutungwa. Niliwahi kuonyeshwa moja, la gari jingine, lililodai kazi ya miaka sita. Lilikuwa limeandikwa lote kwa kalamu moja, wino mmoja, bila doa la grisi hata kwenye ukurasa mmoja. Fundi gani huyo anayenawa mikono kwa sabuni kila anapotaka kuandika? Tena daftari la kweli lazima lilinganishwe na gari lenyewe. Fundi wetu alichagua mambo matatu bila kumwambia mzee: akahesabu propela mbele na nyuma, akafuata waya chini ya kiti, akasoma namba iliyogongwa kwenye ganda la giaboksi. Yote matatu yakawa kama yalivyoandikwa. Pia palikuwa na pengo la karibu miaka miwili pasipo neno. Nikamwuliza. Akasema alikuwa mgonjwa, gari likasimama, na kuku wakatagia humo. Mjukuu akacheka akathibitisha habari ya kuku.

Bei yake ilikuwa milioni kumi na nusu. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka nyumbani, na sitauficha, kwani ami yao hakuwa mtu wa hila. Hoja yake ilikuwa hii: lile la Kibaha lina injini bora, lina mwendo, ni rahisi kwa milioni moja na nusu, na kwa fedha hiyo twaweza kununua difu ya mbele inayolingana tukamaliza tatizo. Kwa nini tulipie karatasi? Ilikuwa hoja yenye nguvu, na kama shida ingekuwa difu peke yake ningeikubali. Nilimjibu kwamba difu ndiyo tuliyoiona kwa sababu fundi alijua pa kutazama. Yule aliyetia difu mbili zisizolingana bila kumwambia mtu, ndiye aliyefunga breki, ndiye aliyepitisha waya, ndiye aliyechomelea ekseli. Kazi ngapi nyingine za mkono wake zimo humo, na tutazijuaje? Kulijua gari lile kungetaka kulifungua lote, na gharama ya kulifungua lote ni zaidi ya milioni moja na nusu.

Dada yangu alikuwa amenyamaza muda wote. Kisha akauliza neno moja: kati ya magari haya mawili, ni lipi ambalo mwanangu akikwama nalo usiku ataweza kujua afanye nini? Ami akakuna kichwa. Tukaenda Kisarawe.

Mzee alipunguza laki tatu kwa ajili ya ile springi, bila sisi kumbana sana. Mkataba uliandikwa mbele ya mashahidi wanne, wawili wa kwake na wawili wa kwetu, na niliomba itiwe ndani yake kwamba daftari tatu na bahasha ya risiti ni sehemu ya kitu kilichouzwa. Wengi husahau hilo. Hulipia gari, kisha karatasi hubaki kwenye kabati la muuzaji mpaka wajukuu wafungie karanga. Tuliandika pia kasoro zilizotajwa, moja moja, na kwamba tumezijua na kuziridhia, ili mzee naye awe salama na sisi kesho. Ila iliyobainishwa ikaridhiwa haina madai tena, na hiyo ni haki ya muuzaji mkweli ambayo daftari lake limempatia.

Masika ya mwaka uliofuata, 2018, taa zilizimika ghafla njiani kutoka Maneromango, na giza limekwisha kuingia. Dereva alikuwa kijana wa jirani, na mpwa wangu yu pamoja naye. Wakafungua kitabu cha pili kwa mwanga wa simu, wakauona ule mchoro wa kalamu ya risasi, wakaifikia fyuzi ya nyuma ya dashibodi ambayo mtu asiyejua angeitafuta hadi alfajiri. Walifika nyumbani kabla ya chakula kupoa. Na mwaka 2019 injini ilipoanza kugonga, fundi mwingine kabisa, aliyekuwa hajaliona gari lile, alipima kirenki akalinganisha na kitabu, akatumwa mtu Gerezani na kipimo chake mkononi. Muuza vipuri alitaka kumpa bearingi za asili, akisema zote ni sawa. Zisingekuwa sawa. Zingezungukia hewani na mafuta yangepotea humo, na kirenki kingekwisha katika wiki chache.

Sisemi kwamba gari lile halikutusumbua. Milimani huenda kwa mwendo wa punda, na viraka vya sanduku vilianza kuvuja unga wa kutu juu ya mihogo ya watu mpaka tukabadilisha bati lote. Hilo nalo limeandikwa, kwa mwandiko wa dada yangu, pamoja na bei ya bati na jina la fundi. Vitabu vya mzee vilipojaa alinunua cha nne. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa mzee, ila hupenda kuchanganya humo na hesabu ya maziwa, jambo ambalo nimemwachia.

Ama lile gari la kijani la Kibaha, mwenyewe alikuja kwangu wiki mbili baada ya sisi kununua. Alitaka nimwandikie kwenye karatasi yale fundi aliyoyakuta, kwa Kiswahili cha kueleweka, na hesabu ya propela mbele na nyuma. Nilimwandikia, fundi akatia saini. Aliliuza kwa milioni saba na nusu kwa mtu wa Mlandizi aliyetaka gari la lami tu, akampa karatasi ile pamoja na kadi, na mnunuzi akakipachika kile kifundo cha njano kipande cha waya kisibonyezeke.